Vita vya kumuwahi gaidi: kujilinda kunaishia wapi?

mtafutahoja

Wakuu, heshima kwenu. Naomba tulichambue hili bila ushabiki wa kambi.

Tangu Septemba 2001 tunaambiwa dola haiwezi kukaa ikisubiri gaidi alipue ndipo ijibu. Kwa juu juu hoja inaingia akilini: kinga ni bora kuliko tiba, na mtu anayejitoa mhanga hatishwi na kulipiziwa kisasi. Upande wa pili kuna Ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ambayo inazungumzia haki ya kujilinda pale shambulio la silaha linapotokea. Haisemi "linapohofiwa".

Nataka kujua mambo matatu. Kisheria, mstari uko wapi kati ya kujilinda na kuanzisha vita? Ushahidi wa kijasusi unaotumika kuhalalisha mashambulio haya huwa unaharibikia wapi? Na je, njia hii imewahi kupunguza ugaidi, au inauzalisha? Tafadhali msinijibu kwa "mabeberu tu hao" wala "gaidi hana haki". Nipeni vigezo.

---

Shahidi wa Tatu

Mkuu, tuanze na maneno, maana nusu ya ubishi huu ni watu wawili kuita vitu viwili kwa jina moja. Kumuwahi adui ni kumpiga akiwa ameshainua panga. Kumzuia ni kumpiga kwa sababu huenda mwakani akanunua panga. La kwanza lina watetezi wengi kisheria. La pili halina karibu yeyote nje ya serikali zinazolitenda.

Kipimo kinachotajwa kila mahali kilitokana na meli ya mvuke. Usiku wa 29 Desemba 1837 kikosi cha Waingereza kutoka Kanada kilivuka mto Niagara kwa mashua, kikaivamia Caroline ikiwa imefungwa upande wa Marekani, kikawatimua waliokuwemo, kikaitia moto na kuiachia ichukuliwe na maji kuelekea maporomoko. Mmarekani mmoja, Amos Durfee, aliuawa gatini. Meli hiyo ilikuwa ikiwavushia watu na vifaa waasi wa Kanada waliojichimbia kisiwa cha Navy, upande wa Kanada wa mto. Mwaka 1841 waziri wa mambo ya nje wa Marekani, Daniel Webster, aliwaandikia Waingereza kwamba anayedai kujilinda kwa namna ile aoneshe kuwa haja ilikuwa ya papo hapo, ilimzidi nguvu, haikumwachia njia nyingine wala wasaa wa kutafakari. Na hata akiyaonesha hayo, asiwe amepiga kupita kiasi cha haja yenyewe.

Sasa tazama jambo ambalo wachambuzi wa televisheni hulipita: waliokuwa wakisaidiwa na Caroline hawakuwa jeshi la dola. Walikuwa waasi na watu wa kujitolea, wakipata msaada kutoka ndani ya nchi jirani ambayo ilishindwa kuuzuia. Kwa hiyo anayesema sheria ya zamani ilitungwa kwa majeshi yenye bendera tu na haimhusu gaidi hajaisoma kesi yenyewe. Kipimo kilizaliwa kwenye mazingira ya aina hii hii.

Kilitumika tena Nuremberg mwaka 1946, kwenye kesi ya viongozi wa Ujerumani ya Kinazi. Utetezi wa Wajerumani ulidai Norway ilivamiwa 1940 ili kuwawahi Waingereza. Majaji walichukua maneno ya Webster, wakayalinganisha na nyaraka za Wajerumani wenyewe, wakalikataa dai hilo.

Baada ya 1945 mifano inayosomeshwa ni miwili. Juni 1967 Israel ilizipiga ndege za Misri zikiwa bado chini. Kabla ya hapo Misri ilikuwa imewaondosha walinda amani wa Umoja wa Mataifa, imejaza askari Sinai na kuufunga mlango-bahari wa Tiran. Wataalamu bado wanagombana juu ya hilo, lakini Baraza la Usalama halikutoa lawama. Juni 1981 Israel hiyo hiyo ikalipua kinu cha nyuklia cha Osirak karibu na Baghdad, kwa hoja kwamba siku moja kingetoa bomu. Safari hii Baraza lilipitisha azimio namba 487, kura zote, ya Marekani ikiwemo, likilaani vikali. Ukitaka kuuona mstari unaoulizia, upo kati ya matukio hayo mawili.

Kilichobadilika ni Septemba 2002. Mkakati wa usalama wa taifa wa serikali ya Bush ulichukua jina la kumuwahi adui ukalijaza maana ya kumzuia: dhana ya tishio lililo karibu lazima ipanuliwe, na Marekani itachukua hatua hata kama haijulikani adui atapiga lini na wapi. Ukiondoa "lini" na "wapi", kipimo cha Webster kimebaki na nini? Desemba 2004 jopo la watu mashuhuri lililoundwa na Kofi Annan, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati huo, lilijibu hivi: tishio lililo mlangoni, dola inaweza kulikabili bila kuomba ruhusa, tishio la mbali, peleka ushahidi Baraza la Usalama. Baraza likikataa, kuna muda wa kushawishi, kujadiliana na kuweka vikwazo, kisha kulirudia suala la nguvu.

---

Nukta Nyeusi

Shahidi umeeleza vizuri, ila umekipita kirahisi kitu kinachowakosesha usingizi wapangaji wa usalama. Nitasimama upande wa pili kidogo.

Jeshi linalojiandaa kushambulia linaonekana. Vifaru vinasogea, likizo zinafutwa, mafuta na damu ya akiba vinapelekwa mbele, mawasiliano ya redio yanabadilika. Setilaiti inaona. Kikundi cha watu kumi na tisa, kama wale wa Septemba 2001, hakifanyi lolote kati ya hayo. Wenyewe ni pasipoti, kodi ya nyumba na ada ya chuo cha urubani. Dakika ambayo kipimo cha Webster kinatimia kikamilifu ni pale wanapopita lango la uwanja wa ndege, na hapo hakuna vita ya kupigana. Pana askari wa ukaguzi tu. Ukimsubiri gaidi afikie "papo hapo" ya mwaka 1837, umemsubiri mpaka amemaliza.

Ndiyo maana mwaka 2012 Daniel Bethlehem, aliyekuwa mshauri mkuu wa sheria wa wizara ya mambo ya nje ya Uingereza, alichapisha kanuni 16 kuhusu kujilinda dhidi ya vikundi visivyo dola. Kiini chake: usipime ukaribu kwa saa ya ukutani peke yake. Pima aina ya tishio na ukaribu wake, uwezekano wa kutokea, kama linaendeleza mfululizo wa mashambulio yaliyokwishaanza, ukubwa wa madhara, na kama kuna nafasi nyingine ya kulizuia bila kuua watu wasiohusika. Januari 2017 mwanasheria mkuu wa Uingereza, Jeremy Wright, alivikubali vigezo hivyo hadharani.

Hapa neno zito ni "nafasi". Kama kiongozi wa kikundi anaonekana mara moja kwa miezi minane, na anajulikana kuwa ametoa amri, basi nafasi inaweza kuwa leo hata kama bomu ni la mwezi ujao. Hilo silioni kuwa ni uhuni wa kisheria. Ni kipimo kile kile cha "hakuna njia nyingine" kikisomwa kwa adui asiye na kambi.

Ninapokubaliana nawe ni kwamba mantiki hii inahalalisha shambulio dhidi ya mtu au kambi. Haihalalishi kuipindua serikali ya nchi nzima. Kosa la 2003, Iraq ilipovamiwa, ni kuichukua hoja ya kumpiga mtu mmoja na kuibandika juu ya taifa.

---

ndegetai

Nijibu la pili, la ushahidi. Kwa maoni yangu hapo ndipo mjadala wote ulipo. Sheria ikishakubali "uwezekano", kila kitu kinaning'inia kwenye ubora wa taarifa. Na taarifa huharibika kwa njia zinazofahamika.

Njia ya kwanza ni sampuli moja. Tarehe 7 Agosti 1998 balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam zililipuliwa, wakafa watu 224. Siku kumi na tatu baadaye makombora ya Tomahawk yalipiga kambi za Afghanistan na kiwanda cha dawa cha Al-Shifa, kaskazini mwa Khartoum. Hoja dhidi ya kiwanda ilikuwa udongo uliochotwa na wakala wa siri karibu nacho, ambao maabara ilisema una EMPTA, kemikali inayotumika kutengeneza gesi ya sumu ya VX. Jiulize maswali ambayo fundi yeyote wa maabara angeuliza. Udongo ulichotwa mara ngapi? Ndani ya uzio au nje? Nani aliushika njiani? Je, maabara ya pili ilipewa sehemu yake? Sudan iliomba Umoja wa Mataifa upeleke wachunguzi. Marekani ilipinga na hawakwenda. Mwenye kiwanda alishitaki Marekani, na mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya Washington ikasema hilo ni suala la kisiasa, si la majaji. Mzunguko ukafungwa hapo: aliyeshambulia ndiye aliyeshika ushahidi, na ndiye aliyekataa upimwe upya.

Njia ya pili ni kauli iliyokamuliwa. Ibn al-Shaykh al-Libi, mtuhumiwa wa ugaidi kutoka Libya, alikamatwa mwishoni mwa 2001, akapelekwa Misri, na chini ya mateso akasema Iraq iliwafundisha watu wa al-Qaida matumizi ya silaha za kemikali na kibiolojia. Februari 2002 shirika la ujasusi la wizara ya ulinzi ya Marekani liliandika kwamba huenda anawadanganya wanaomhoji, maana hakutaja majina, vifaa wala mahali. Angalizo likabaki kabatini. Tarehe 5 Februari 2003 Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, aliipeleka hadithi hiyo mbele ya Baraza la Usalama. Mwaka 2004 al-Libi akaikana. Mwaka huo huo tume ya uchunguzi wa Septemba 11 ikasema haikuona ushirikiano wa kiutendaji kati ya Iraq na al-Qaida. Vita vya Iraq vilikuwa tayari na zaidi ya mwaka.

Ya tatu ndiyo inayomgusa Nukta moja kwa moja, maana hapo hapakuwa na tishio la mbali wala kupindua serikali. Kabul, 29 Agosti 2021. Siku tatu kabla, bomu la kujitoa mhanga kwenye lango la uwanja wa ndege lilikuwa limeua askari 13 wa Marekani na Waafghani wapatao 170. Kulikuwa na taarifa kwamba shambulio lingine linakuja na kwamba litahusisha Toyota Corolla nyeupe. Kabul imejaa Corolla nyeupe. Droni zikaifuata moja kwa takriban saa nane. Dereva alionekana akishusha na kupakia vitu pamoja na wenzake, vitu vizito, kwa uangalifu. Wakaona vilipuzi. Yalikuwa madumu ya maji. Kombora moja la Hellfire likapiga gari likiwa uani kwa dereva, wakafa watu kumi, saba kati yao watoto. Kwanza jeshi lilisema limezuia tishio la papo hapo. Tarehe 17 Septemba likakiri ni makosa. Dereva alikuwa mfanyakazi wa shirika la misaada.

Hebu tazama: vigezo vya Bethlehem vilikuwa vimetimia kwenye karatasi. Mfululizo wa mashambulio, ndiyo. Madhara makubwa, ndiyo. Nafasi ya mwisho, waliamini hivyo. Kilichokosekana ni mtu ndani ya chumba mwenye kazi moja tu: kubisha. Uchunguzi wa jeshi la anga wenyewe ulitaja tabia ya kuona kile unachokitarajia. Saa nane za video hazikusaidia, kwa sababu kila dakika iliongezwa upande mmoja wa mizani.

---

Shahidi wa Tatu

Nyongeza fupi kuhusu Iraq, maana kuna kosa linalorudiwa sana. Watu husema vita vya 2003 "vilihalalishwa kwa nadharia ya kumuwahi adui". Kisiasa, ndiyo. Kisheria, karatasi zinasema kingine. Marekani na Uingereza zilijikita kwenye maazimio ya zamani: namba 678 la 1990 lililoruhusu nguvu, 687 la 1991 lililosimamisha vita kwa masharti, na 1441 la Novemba 2002 lililosema Iraq imeyavunja masharti hayo. Eti ruhusa ya 1990 ilifufuka.

Kwa nini wazunguke hivyo kama nadharia ilikuwa imara? Lord Goldsmith, mwanasheria mkuu wa Uingereza, alimwandikia waziri mkuu Tony Blair tarehe 7 Machi 2003 kwamba ikiwa kumuwahi adui kunamaanisha zaidi ya kujibu kwa uwiano shambulio lililo karibu, basi sheria ya kimataifa haiitambui haki hiyo. Huyo ni wakili wa serikali iliyokwenda vitani wiki mbili baadaye.

---

mtafutahoja

Shukrani sana wakuu. La tatu bado: matokeo. Na kwa nini kila mfano ni Marekani na Israel? Ethiopia iliingia Somalia 2006, Kenya 2011. Hizo mnaziweka fungu gani?

---

ndegetai

Fungu tofauti kila moja, na ni vizuri umeuliza.

Ethiopia Desemba 2006 ni karibu na kumzuia. Muungano wa Mahakama za Kiislamu ulikuwa umeshika Mogadishu tangu Juni na kutangaza jihadi dhidi ya Ethiopia. Waziri mkuu wa Ethiopia, Meles Zenawi, akasema nchi yake inajilinda, na serikali ya mpito ya Somalia iliwataka waje. Kijeshi ilikuwa kazi ya siku chache, Mogadishu ikachukuliwa kabla mwezi haujaisha. Kisha tazama kilichobaki. Muungano ule ulikuwa mchanganyiko: wazee wa koo, wafanyabiashara waliochoka na wababe wa vita, mashehe wa msimamo wa wastani, na kundi dogo la vijana wakali. Ulipovunjwa, wa wastani walikimbilia uhamishoni. Vijana wakabaki na bunduki, na sasa wana jeshi la kigeni la kupigana nalo na hoja ya kizalendo ya kuandikishia watu. Ethiopia ilipoondoka Januari 2009, al-Shabaab ilikuwa na nguvu kuliko ilivyowahi kuwa. Shambulio la kuzuia huwa halichagui. Linaondoa waliokuwa wakimbana mkorofi pamoja na mkorofi mwenyewe.

Kenya Oktoba 2011 ni kesi nyingine. Mashambulio yalikuwa yameshatokea ndani ya mipaka yake: utekaji Kiwayu, Manda, kisha wafanyakazi wawili wa misaada huko Dadaab tarehe 13. Jeshi likavuka siku chache baadaye na barua ikaenda Baraza la Usalama ikitaja Ibara ya 51. Ubishi wa wanasheria si kama kulikuwa na tukio. Ni kama utekaji nyara unafika kiwango cha "shambulio la silaha". Mahakama ya Kimataifa ya Haki katika kesi ya Nicaragua, 1986, ilitenga mashambulio mazito na vurugu ndogo za mpakani, na ni yale mazito tu yanayofungua mlango wa kujilinda. Kenya iliegemea pia ridhaa ya Somalia, na hapo kulikuwa na kigugumizi: Sheikh Sharif, rais wa Somalia wakati huo, aliipinga operesheni hadharani kabla ya tamko la pamoja la 31 Oktoba. Mwaka 2012 askari wakaingizwa AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia, na msingi wa kisheria ukawa imara zaidi.

Matokeo? Kismayu ilitwaliwa 2012, na bandari ile ilikuwa chanzo kikubwa cha fedha za al-Shabaab. Hilo ni pigo halisi. Westgate ikafuata Septemba 2013, watu 67 wakafa, na Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2015, 148. Siwezi kukuambia yasingetokea bila Linda Nchi, yaani operesheni ile ya Kenya, na anayedai anajua anakisia. Ninachoweza kusema ni kwamba kutwaa eneo na kuzuia bomu mjini ni kazi mbili, zinafanywa na watu tofauti kwa vifaa tofauti. Jeshi linafanya ya kwanza. Ya pili ni ya makachero, waendesha mashitaka na afisa wa mpakani asiyepokea rushwa.

---

Nukta Nyeusi

Hilo la mwisho nalipokea kwa mikono miwili. Ila uadilifu unadai tuseme pia kwamba "usipoziba ufa" si methali ya wajinga. Kambi za al-Qaida zilikuwa zinajulikana tangu kabla ya 1998, zikaachwa zifundishe watu kwa miaka. Gharama ya kutofanya kitu nayo ina makaburi yake.

Kuhusu Osirak, watetezi husahau sehemu ya pili ya hadithi: baada ya vita vya 1991 wakaguzi walikuta Iraq ina mpango mkubwa wa siri wa kurutubisha urani, ulioenezwa sehemu nyingi ili usipigwe kwa mkupuo. Kinu kilikuwa kimoja na kikionekana. Kilichofuata hakikuonekana. Hata mimi ninayetetea kupiga mapema nalazimika kuliweka hilo mezani.

---

mtafutahoja

Swali la mwisho halafu niwaache. Serikali ikipeleka ile barua ya Ibara ya 51, msomaji wa kawaida aitazame nini ajue kama ni kujilinda au kisingizio?

---

Shahidi wa Tatu

Barua zenyewe huwa kurasa moja au mbili, zinaelekezwa kwa rais wa Baraza la Usalama na zinachapishwa kama nyaraka za Umoja wa Mataifa, kwa hiyo yeyote anaweza kuzisoma.

Tazama vitenzi kwanza. Kama vyote viko wakati uliopita, "walishambulia, waliua, waliteka", na hakuna sentensi hata moja inayosema nini kinakuja, hiyo ni barua ya kisasi iliyovaa koti la kujilinda, na kisasi cha silaha kilikatazwa na tamko la Baraza Kuu la 1970. Barua ya Marekani ya 8 Januari 2020, baada ya kumuua jenerali wa Iran Qasem Soleimani, ilikosolewa kwa hilo hasa: iliorodhesha mfululizo wa mashambulio ya miezi iliyopita, wakati viongozi kwenye vyombo vya habari walikuwa wakizungumzia tishio lililo karibu. Ukaribu uliotangazwa kwenye kamera haukuonekana kwenye karatasi.

Kisha tafuta nchi mwenyeji. Barua inayosema "haitaki au haiwezi" kuwazuia magaidi lazima ioneshe iliombwa lini, ikajibu nini. Syria 2014 Marekani iliandika hivyo kuhusu Damascus, na dola nyingi bado hazijaikubali kanuni hiyo. Tazama pia kama lengo limewekewa ukomo: kambi, mtu, njia ya silaha. Barua isiyo na ukomo, inayosema "hadi tishio liishe", haina namna ya kupimwa uwiano wake, kwa sababu haijasema haja yenyewe ni kubwa kiasi gani.

Na angalia tarehe. Ibara inasema taarifa itolewe mara moja. Mwaka 1986, katika kesi ile ya Nicaragua, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema kutoripoti ni dalili mojawapo kwamba dola yenyewe haikuamini inajilinda. Tangu hapo mawakili wa serikali huhakikisha barua inatoka, kwa hiyo kukosekana kwake kunasema mengi, kuwepo kwake kunasema machache sana.